Duara la Theodosia

Siku kaka yangu Everard alipokubali kumwoza binti yake kwa kijana anayetengeneza kengele, watu wote wa jumba letu la Dunstrey Court walifurahi isipokuwa mimi. Jikoni walikumbatiana. Mtunza bustani wetu, ambaye hacheki hata siku ya Krismasi, alisikika akipiga mluzi. Theodosia mwenyewe alipanda ngazi mbio kama mtoto, akanirukia shingoni, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Nilimpapasa mgongo na kumwambia nafurahi, lakini moyoni nilisonya. Namjua Everard tangu anatambaa, na sijamwona hata mara moja akitoa kitu bila kubaki ameshika kamba upande wa pili.

Kwa asiyenijua, mimi ni Sophronia, dada mkubwa wa Everard, Lodi Dunstrey, bwana wa nyumba hii. Sijaolewa, nakunywa mvinyo wangu kila jioni bila kuomba ruhusa kwa mtu, na nimemlea Theodosia tangu mama yake alipofariki akimzaa. Haya ninayoyasema sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Katika ukumbi mrefu wa nyumba yetu kuna mti wa ukoo, umechorwa kwenye ngozi laini za ndama zilizoshonwa pamoja, umefunika ukuta kuanzia karibu na dari mpaka usawa wa goti. Juu kabisa yuko babu wa kwanza, aliyevuka bahari pamoja na Mfalme William kuja kuiteka Uingereza. Chini yake wanafuata wanaume, kila mmoja na ngao yake nyekundu yenye dhahabu, na kutoka kila ngao unashuka mstari kwa mwanawe. Sisi wanawake hatupewi ngao, tunapewa duara. Binti akiolewa, jina la mumewe huandikwa kando ya duara lake na mstari hukatwa hapo hapo, kana kwamba ametumbukia kisimani. Asiyeolewa hubaki na duara tupu. Langu liko karibu na dirisha. Jua limelipausha, na nzi wanalipenda.

Duara la Theodosia liko chini kabisa katikati. Kaka zake wawili wako kando yake na ngao zao, lakini wote wametangulia, mmoja kwa ndui, mwingine kwa kuanguka na farasi mawindoni. Akabaki binti peke yake, na hapo ndipo wasia wa marehemu baba yetu ulipoanza kuuma. Mzee alikuwa ameagiza kwamba ikikosekana mtoto wa kiume, nyumba na mashamba yote yatakuwa ya binti, kwa sharti moja: mumewe aache jina la kwao, achukue jina la Dunstrey pamoja na nembo yetu, kwa kibali cha mfalme. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Nusu ya mabwana wa mkoa wetu wa Shropshire wanatembea na majina ya ukweni. Lakini binti akimpata mume asiyetaka, kila kitu kinakwenda kwa binamu yetu wa Bath, Peregrine Loxley, mtu ambaye angekubali kuitwa hata jina la farasi mradi apewe zizi.

Everard alikuwa amejaribu kumwoza Theodosia kwa Peregrine huyo huyo. Theodosia alikula naye chakula cha jioni mara moja tu, akaja chumbani kwangu akaniambia kwamba afadhali aolewe na Peregrine aliyekufa, maana hapo angalau asingezungumzia meno yake.

Halafu kengele kubwa ya kanisa letu ikapasuka, na Ambrose Kettlewell akaja kuishusha.

Hao akina Kettlewell ni watu wa Ludlow. Wanayeyusha shaba na bati, wanazimimina kwenye udongo, na kinachotoka humo kinaita watu kanisani miaka mia. Kengele iliyopasuka aliitengeneza babu yake Ambrose. Kijana alipanda mnarani na kamba zake, na Theodosia, aliyekuwa amenisindikiza kupeleka maua, alisimama chini ameinua uso kama mtu anayengoja mvua. Ambrose alishuka na vumbi kichwani na utando wa buibui kwenye sikio. Macho yao yakagongana. Hakuna aliyesema neno la maana. Ambrose alisema tu kwamba kengele imekufa lakini shaba yake bado ni nzima, na Theodosia akamjibu kwamba ana utando sikioni. Kijana aliona haya mpaka shingoni. Tangu siku hiyo binti huyu, ambaye zamani nilikuwa namvuta kwenda kanisani, akawa anawahi kuliko kasisi.

Everard alipogundua, alifoka msimu mzima wa baridi. Alisema hataki masizi kwenye mti wake. Theodosia naye alimwambia kwamba ana umri wa kujiamulia, sheria haina la kumzuia, na kama si Ambrose basi hana mume, na duara lake litapaushwa na jua kama la shangazi yake. Akaacha kula mezani kwa baba yake. Walipitana koridoni wakiinamiana vichwa kama wageni. Mpaka wiki ile Everard alipomwita ofisini, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia amekubali.

Kwa hiyo mtanisamehe kama sikupiga mluzi.

Alasiri ya kumwandika mchumba tulikusanyika ukumbini. Hiyo ndiyo desturi yetu: jina huandikwa mtini mbele ya familia kabla glasi ya kwanza haijanywewa, na likishaandikwa limeandikwa, kanisani ni kwenda kukamilisha tu. Everard alivaa koti lake la hariri la rangi ya zambarau na nywele za bandia alizonunua kwa ajili ya kumwona mfalme. Bwana Tippet, mchora nasaba aliyekodiwa kutoka London, alikuwa amepanga vikopo vyake vya rangi kwenye meza ndogo, pamoja na brashi nyembamba na kisu cha kukwangulia makosa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, wa kumwambia mteja mzuri kwamba ni ndugu yake na Julius Kaisari.

Ambrose aliingia akiwa amevaa koti jeusi lililombana mabegani. Mabega yale yameumbwa na kazi, si na fundi cherehani. Alimwinamia Everard, akaniinamia mimi, kisha akamtazama Theodosia, na nasema kweli, nilitazama kando. Kuna namna ya kutazamana ambayo mtu wa tatu akiikodolea macho anajiona mwizi. Theodosia alikuwa na gauni la kijani la marehemu mama yake, limepunguzwa kiuno. Alinyoosha mkono, Ambrose akaupokea, na wakasahau kuachiana.

Everard alitoa hotuba. Alizungumza juu ya damu, juu ya babu na bahari, juu ya wanawe wawili, na hapo sauti ikamkatika kidogo, na nikamhurumia, maana niliwazika nami. Kisha akamgeukia Ambrose. Akasema anampa kitu ambacho hakuna mtu wa Dunstrey amewahi kumpa mtu wa nje. Hampi binti tu, anampa jina. Kibali cha mfalme kimeshaombwa. Kuanzia siku ya ndoa ataitwa Ambrose Dunstrey, atapewa ngao, na mstari utashuka kutoka kwake. Alisema yote hayo kwa moyo mweupe kabisa, macho yake yakiwa na machozi. Nataka mlielewe hilo kuhusu kaka yangu. Hakuwa anamdhalilisha kijana. Aliamini anamfufua.

Ambrose alikuwa amekwisha kukubali. Niliona usoni mwake: hakushtuka. Aliyeshtuka ni Theodosia.

"Hukuniambia," alimwambia polepole.

"Nilitaka iwe zawadi," Ambrose akajibu. "Baba yako aliniandikia wiki iliyopita. Nyumba ni yako, Theo. Umezaliwa humu. Mimi siwezi kuwa sababu ya Peregrine kulala kitandani mwa mama yako."

Theodosia alikwenda kwenye meza ya Tippet, ambako mchoro wa matayarisho ulikuwa umetandazwa, akauinamia. Tippet huandaa kila kitu kwanza kwenye karatasi, ili Everard aidhinishe ndipo ahamishie kwenye ngozi. Nilimwona binti akifuatisha mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Edmund Averell ni nani?" akauliza.

Tippet alikohoa. Akaeleza kwa ule ulimi wake wa asali kwamba mti wa aina hii hauwezi kupokea ngao isiyotoka mahali popote, hivyo yeye na Mheshimiwa Lodi wameona ni vyema kumpatia Bwana Ambrose asili inayofaa. Bwana Averell alikuwa muungwana wa Yorkshire, wa nasaba safi, hakuacha mtoto, na kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Jambo hili, alisema, hufanywa kwenye familia nzuri sana.

"Kwa hiyo huyu ndiye baba yake Ambrose."

"Kwenye mti, ndiyo, bibie."

"Na hapa pameandikwa marehemu."

"Ni marehemu kweli, bibie. Amezikwa Yorkshire."

Theodosia aliinua uso akamtazama mchumba wake. "Ambrose, baba yako amekufa lini?"

Nilimkumbuka baba yake, Silas Kettlewell, alivyokuwa nilipompeleka Theodosia Ludlow kumwamkia. Alitupokea na aproni ya ngozi, akafuta kiti kwa mkono wa shati lake, akatukatia mkate na jibini na kutumiminia bia. Kengele zimemwua sikio moja, kwa hiyo huongea kwa kupayuka, hata maneno ya upole. Alimpayukia Theodosia, "Karibu, binti yangu, hapa ni kwako," mpaka vyombo vikatetemeka. Alimwambia agonge kengele mpya kwa kifundo cha kidole, asikilize. Njiani kurudi binti aliniambia kwamba katika maisha yake hakuna mwanaume aliyewahi kumwita binti yangu kwa sauti kubwa namna ile.

Ambrose alikuwa amekaribia meza. Aliusoma mchoro, na rangi ikamtoka usoni.

"Jina nilijua," akasema. "Nililikubali. Hili la baba ndiyo kwanza naliona sasa hivi, kama wewe."

"Na unasemaje?"

Maskini, alikuwa ameshikwa pande zote. "Ni mchoro tu, Theo. Mzee hatakuja hapa kuusoma."

"Hatakuja kwa sababu hataalikwa."

Everard aliona ni wakati wa kusaidia, na kaka yangu akisaidia huwa anaharibu kabisa. Alisema kwa upole kwamba hakuna mtu aliyesema yule mzee asije. Aje akitaka kumwona mwanawe, ila apite mlango wa jikoni, na mbele ya wageni asijitambulishe. Itakuwa vigumu, alisema, kumweleza mtu kwamba marehemu anakula supu.

Theodosia alicheka. Hakikuwa kicheko cha kufurahi, na Ambrose alikijua, maana alimshika kiwiko.

"Nisikilize," akamwambia. "Mwanamke anaacha jina la kwao kila siku, hakuna anayelia, watu wanarusha maua. Nikajiuliza, mimi nina nini cha ajabu hata nisiweze kufanya analolifanya kila mwanamke? Nakupenda. Nikaona kuacha ni zamu yangu."

Hayo maneno yalinigusa, sitaki kuficha. Sijawahi kumsikia mwanaume mwingine akiyasema. Theodosia naye yalimgusa. Alimwekea kiganja shavuni mbele yetu sote, na Everard akatazama dari.

"Mwanamke anaacha jina," akasema, "lakini haambiwi baba yake ni maiti. Mimi nikiolewa, baba bado ni baba. Nitamwandikia barua, nitamletea wajukuu. Wewe wanakutaka uingie humu kama mtu aliyeokotwa barabarani. Na mtoto wetu? Tutamwambia babu yako ni huyu wa Yorkshire, na yule mzee anayekuletea peremende jikoni ni nani? Ni fundi?"

Ambrose alifumba macho.

"Halafu hukuniuliza," Theodosia akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imekaza. "Wote wawili mmenipangia. Baba kwa ubabe, wewe kwa mapenzi. Lakini mmekaa mkaandikiana barua juu yangu, kama ng'ombe anayehamishwa zizi, na hakuna aliyekuja kuniuliza, Theodosia, wewe unataka nini?"

Kijana alifumbua macho. Nitamheshimu maisha yangu yote kwa alichofanya, kwa sababu wanaume niliowajua mimi hapo wangeanza kujitetea. Yeye alirudi hatua moja, akasimama kama anavyosimama mtu mbele ya altare.

"Nimekosa," akasema. "Basi nakuuliza sasa. Unataka nini?"

"Nataka kuitwa Kettlewell."

Everard alikalia kiti cha karibu bila kukiangalia. Alipopata sauti alizungumza kwa utulivu, na mimi humwogopa zaidi akiwa ametulia. Alimwambia binti yake kwamba akitamka hivyo mara ya pili, anatoka na nguo alizovaa. Peregrine ataingia. Peregrine atakata mialoni yote ya bondeni kwa sababu anataka kuona farasi wakikimbia. Atang'oa waridi za mama yake. Je, amefikiri? Je, anajua anachokitupa ni nini, na anakitupa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mzee kiziwi wa Ludlow?

Theodosia alikwenda dirishani. Nje waridi zilikuwa bado hazijachanua, zilikuwa miiba tu, na nyuma yake mialoni, na mbuga, na mnara wa kanisa. Alisimama pale ametupa mgongo. Nilitaka kwenda kumshika, nikajizuia. Hili alipaswa kulibeba mwenyewe. Mabega yake yalipanda na kushuka.

"Naumia, baba," akasema bila kugeuka. "Usidhani siumii. Nimejifunza kutembea kwenye ukumbi huu. Kila mti pale nje naujua. Lakini angalia ukuta wako. Wote hawa, tangu babu wa kwanza. Mmoja wao amewahi kukufutia kiti kwa mkono wa shati lake?"

Everard alisema hilo halina uhusiano na nasaba.

"Ndiyo maana naondoka," Theodosia akajibu.

Hapo na mimi nikashindwa kukaa kimya. Nilikuwa nimenyamaza muda mrefu kuliko kawaida yangu.

"Everard," nikamwambia, "baba alipokufa, kengele gani ilimlilia?"

"Dada, usianze."

"Nimeshaanza. Na wanao, kengele gani iliwalilia? Panda mnarani ukasome kwenye ukingo wake. Ile ya zamani iliandikwa, na hii mpya imeandikwa vile vile, Kettlewell ndiye aliyenifanya. Umebatizwa chini ya jina hilo, umeoa chini yake, na wewe mwenyewe utazikwa chini yake. Kwenye mnara linafaa, ukutani lina masizi?"

Alinitazama kwa jicho ambalo utotoni lilikuwa linatangulia ngumi. Sikuangalia pembeni. Tippet alianza kufunga vikopo vyake taratibu, mtu mwenye akili, anayejua upepo. Lakini Theodosia alishafika mezani. Akachukua brashi.

"Bibie, hiyo rangi haijachanganywa vizuri," Tippet akasema.

"Itatosha."

Alipiga goti sakafuni, gauni la mama yake likatandaa, kwa kuwa duara lake liko chini sana. Ambrose alichukua kikopo cha rangi, akapiga goti pembeni yake, akamshikia. Wakawa wamepiga magoti bega kwa bega mbele ya ukuta ule, na kama hiyo haikuwa ndoa, basi nyingine nilizohudhuria zilikuwa mchezo wa kuigiza.

Everard aliagiza aache. Akamwita kwa majina yake yote matatu. Aliahidi, na hapo sauti ilikuwa inaomba, kwamba Silas angeweza kupita mlango wa mbele siku za Jumapili. Theodosia aliinua brashi, akageuka. Nilidhani amelainika.

"Kama nani, baba?" akamwuliza. "Apite mlango wa mbele kama nani?"

Everard alitazama ukutani. Nadhani alitafuta kweli, na katika ukoo wote aliosoma tangu utoto hakuona pa kumweka.

Theodosia aliandika. Herufi zake zilikuwa nene na za kupinda, wala hazikufanana na zile za dhahabu za Tippet. Kando ya duara lake aliandika Ambrose Kettlewell. Kwa desturi mstari ungekatwa hapo. Yeye aliuvuta, ukapanda juu kidogo, kwenye ngozi tupu ambako hapakuwa na mtu, na mwisho wake akachora duara lingine, kwa kuwa ngao hajui kuchora. Ndani yake akaandika: Silas, mtengeneza kengele. Yu hai.

Mtu akitaka akakague. Katika ukuta mzima hakuna mwingine aliyeandikwa hivyo.

Alisimama akafuta vidole kwenye gauni, rangi ikabaki pale. Alikwenda kwa baba yake, akainama, akambusu mkono. Alimwambia kwamba mlango wa Ludlow ni mmoja tu, hauna wa mbele wala wa jikoni, na akija wakati wowote atafutiwa kiti. Everard hakuuvuta mkono wake. Alitazama mbele kama mtu anayechorwa picha.

Kisha akaja kwangu. Tulishikana kwa nguvu. Aliniuliza sikioni kama nadhani amekosea. Nikamwambia kwamba amechelewa kuniuliza, na kwamba asipoondoka sasa hivi nitaanza kulia, na mimi nikilia nakuwa mbaya sana. Akacheka, safari hii kicheko chake mwenyewe. Ambrose aliniinamia. Nilimwambia ainuke, ampeleke mkewe kwa baba yake kabla mzee hajala chakula chote.

Walitoka mlango wa mbele, ule mkubwa. Nje hapakuwa na gari la kifahari. Palikuwa na mkokoteni wa kubebea kengele, umejaa majani makavu na harufu ya farasi. Theodosia alikataa kusaidiwa kupanda. Alikaa mbele, akaweka mkono kwenye mkono wa Ambrose, na mkokoteni ukapita kati ya mialoni. Hakugeuka nyuma, namshukuru Mungu, maana nilikuwa dirishani na uso umeshaharibika.

Niliporudi, Everard alikuwa bado kitini. Bwana Tippet alikuwa amepiga goti mbele ya ukuta, kisu mkononi, akisubiri amri. Ngozi ya ndama ina uzuri huo: ukiiwahi, rangi inakwanguka, pakapakwa chokaa, pakawa kama hapajaandikwa kitu. Ndivyo wanavyokuwa safi wote mle mtini.

"Kwangua," Everard akamwambia.

Nilichukua kiti changu cha kando ya moto. Ni kizito, kimechongwa kwa mwaloni, na nilikiburuta sakafuni kwa kelele zote nilizoweza. Nikakisimamisha kati ya Tippet na ukuta, mpaka akalazimika kurudi nyuma kwa magoti. Nikaketi. Mgongo wangu ulifunika maduara yote mawili.

"Dada, toka hapo."

"Sitoki."

"Itabidi utoke. Utataka kula. Utataka kulala."

"Chakula kitaletwa. Na usingizi wangu siku hizi ni wa kitini tu, uliza mtu yeyote."

Tippet alimtazama yeye, akanitazama mimi, akakiweka kisu mezani. Everard alisimama, akaja mpaka karibu, na kwa kitambo nilifikiri ataninyanyua mwenyewe. Badala yake aliinama, akatazama juu ya bega langu yale maandishi mabichi. Pumzi yake ilikuwa inatoka kwa taabu.

"Anaandika kama mama yake," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Sasa rangi itakauka."

Kule mnarani wakaanza kugonga kengele ya sala ya jioni. Everard alinyoosha mgongo, akavuta koti lake la zambarau, akasema kwamba kesho atanitoa hapo. Nikamwambia kesho anikute nimeshakunywa chai, kisha nikamwomba aniletee mvinyo wangu.